Daktari asema tembea, lakini Membley tutembee wapi?

Miezi michache iliyopita nilikwenda katika zahanati moja ya mtaani kutafuta dawa ya mafua, nikatoka na ugonjwa mwingine. Daktari alinifunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi, akapima mara ya kwanza, akapima mara ya pili, kisha akatikisa kichwa. Alinieleza kwa upole juu ya dawa, chumvi na mafuta. Mwishowe akasema: "Na tena, mzee, utembee. Nusu saa kila siku, siku tano kwa wiki."

Nilimshukuru nikaondoka. Lakini nilipofika langoni nilisimama nikajiuliza: nitembee wapi?

Mimi ni mkazi wa Membley, huku Ruiru. Msomaji anayepafahamu hapa atanielewa upesi. Upande mmoja tuna Thika Road, barabara kubwa iliyopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012, ambayo magari yake hayana subira na mtu wa miguu. Upande mwingine kuna bypass na malori yake. Katikati ni nyumba zetu nzuri, kila moja na ukuta wake, kila ukuta na lango lake, na baina ya ukuta na ukuta ni barabara nyembamba ambayo gari, bodaboda, mtoto wa shule na mgonjwa wa presha wanaigombania.

Asubuhi ya kwanza nilitembea kando ya barabara kuu, nikala vumbi na moshi. Asubuhi ya pili nilizunguka mtaani, bodaboda ikanitupa mtaroni. Asubuhi ya tatu nilibaki nyumbani nikinywa chai. Dawa niliyoandikiwa ilipatikana dukani. Njia niliyoandikiwa haikupatikana mahali popote.

Maoni yangu leo ni haya: mji wa Ruiru, na hasa mitaa kama Membley, unahitaji njia za kutembelea zilizopangwa kwa ramani, zipitie mahali penye historia yetu, na ziandikwe katika mpango rasmi wa mji kabla nafasi iliyobaki haijazungushiwa ukuta. Hili si jambo la anasa wala la watalii. Ni jambo la afya ya umma, sawa na maji safi na choo.

Ugonjwa usiobisha hodi

Kuna watu wanaodhani kwamba presha ni ugonjwa wa matajiri wenye vitambi. Hayo ni makosa. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima wana shinikizo la damu lililo juu, na wengi wao hawakuwa wamewahi kupimwa. Ugonjwa huu haubishi hodi. Hukaa kimya ndani ya mwili mpaka siku unapopasua mshipa wa ubongo au kuuchosha moyo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima apate baina ya dakika 150 na 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea kwa hatua za haraka kidogo, kiasi kwamba unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, ni zoezi la namna hiyo. Halitaki ada wala vifaa. Husaidia kuteremsha presha, husaidia mwili kutumia sukari vizuri, huimarisha mifupa, na humwondolea mtu uzito wa mawazo.

Nataka nieleweke vizuri. Kutembea hakumwondolei mgonjwa wajibu wa kumeza dawa zake. Na mtu anayehisi maumivu kifuani, kizunguzungu au kukosa pumzi anapotembea asimame na amwone daktari, asijitie ushujaa. Lakini kwa wengi wetu, tatizo si kwamba hatujui faida za kutembea. Tatizo ni kwamba tumejenga miji ambayo ndani yake kutembea ni adhabu.

Njia zilikuwepo

Jambo la kusikitisha ni kwamba zamani si zamani sana, sehemu hizi zilikuwa zimejaa njia za miguu. Kabla ya nyumba kulikuwa na kahawa. Ardhi yote hii, kutoka Kahawa hadi Ruiru na kuendelea Juja na Thika, ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya walowezi. Ndani ya mashamba hayo mlikuwa na vijia vya wachumaji, vilivyotoka kwenye kambi za wafanyakazi hadi kwenye mistari ya mibuni, na kutoka hapo hadi kiwandani ambako buni zilipimwa na kuoshwa, karibu na mto.

Nilimtembelea mama mmoja mzee ambaye alichuma kahawa sehemu hizi akiwa msichana. Nilimwuliza, "Mama, mlikuwa mkitembea mwendo gani kwa siku?" Akacheka. "Mwanangu, nani alikuwa akihesabu? Tulihesabu madebe." Kisha alinyosha mkono kuelekea kwenye ukuta wa jirani yake, akasema njia ya kwenda kiwandani ilipita hapo hapo, palipo na tangi la maji.

Tusiipambe historia hiyo. Njia zile zilikuwa za jasho. Mwafrika aliyezipita alivaa kipande shingoni kuanzia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kwa miaka mingi alikatazwa kupanda mwenyewe ule mbuni alioupalilia. Ruhusa ilianza kutolewa kidogo kidogo katika miaka ya 1930, kule Kisii na Meru. Katika sehemu za Wakikuyu kahawa ya Mwafrika ilienea baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Mtoto wa Membley anayekunywa kahawa leo hajui kwamba anaishi juu ya makao ya watu hao. Hakuna kibao kinachomwambia. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Nami naongeza kwamba asiyejua alikopita babu yake hupotea hata akiwa kwake.

Historia iliyo chini ya miguu yetu

Mtu ataniuliza, "Je, Ruiru kuna historia gani ya kumfanya mtu aache kiti chake?" Ipo tele, na iko karibu.

Kuna reli ya Thika, iliyofika mji huo mwaka 1913, ambayo bado inapita Kahawa na Ruiru. Kuna Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambacho wengi hawajui kwamba kilianza maisha yake kama kambi ya jeshi la Uingereza, Templer Barracks, iliyokabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 1965 na kugeuzwa kuwa chuo. Bunduki zilitoka, vitabu vikaingia. Je, hilo si somo la kumwonyesha mtoto?

Kuna Kamiti, gereza ambalo ndani yake Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Kuna kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru, ambako wataalamu walizalisha aina ya mbuni inayoitwa Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, yenye uwezo wa kustahimili ugonjwa unaooza matunda na ule wa kutu ya majani. Jina la mji wetu linatajwa na wakulima wa nchi za mbali, nasi tunapita langoni pa kituo hicho kila siku tukiwa tumesinzia ndani ya matatu.

Kwa safari ya siku nzima, mtu anaweza kupanda gari moshi au matatu mpaka Thika, akatembee kwenye maporomoko ya Chania na Thika penye hoteli ya Blue Posts, iliyoanzishwa mwaka 1908, kisha aende Mugumo Gardens. Hapo palisimama mti wa mugumo ambao, kwa masimulizi ya Wakikuyu, mtabiri Mugo wa Kibiru alisema utaanguka siku utawala wa Mwingereza utakapokoma. Wakoloni waliuzungushia chuma ili usianguke. Ulianguka mwaka 1963, mwaka ule ule wa Uhuru.

Nimetaja mahali pachache tu. Kazi iliyopo ni kupaunganisha mahali hapa kwa njia ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzipita salama kwa miguu. Hapo ndipo ramani inapoingia.

Ramani za siku hizi si siri ya wataalamu

Zamani kuchora ramani ilikuwa kazi ya serikali na jeshi. Leo mambo yamebadilika. Tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kuvuruga makusudi mawimbi ya setilaiti zake za GPS yanayotumiwa na raia, chombo cha mkononi kinaweza kukuonyesha ulipo kwa usahihi mkubwa. Simu ya kawaida, ikiwa mahali peupe, hukosea kwa takriban mita 5 hivi. Kuna programu ya kompyuta iitwayo QGIS, inayotolewa bure, na kuna OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa mwaka 2004 ambayo mtu yeyote anaweza kuiongezea habari za mtaa wake.

Vijana wa Kibera walitufungulia njia. Mwaka 2009 walianza kuuchora mtaa wao, ambao kwenye ramani nyingi ulionekana kama nafasi tupu, ingawa watu maelfu kwa maelfu waliishi humo. Walitembea na vyombo vya GPS wakaandika zahanati, vyoo, mabomba ya maji na vijia. Kama Kibera iliweza, Membley yenye wahandisi, walimu na wanafunzi wa chuo kikuu inashindwaje?

Kazi yenyewe hufanywa kwa tabaka, mfano wa mtu anayepanga karatasi nyembamba moja juu ya nyingine kisha akaangalia kwa mwangaza. Tabaka la kwanza ni ramani za zamani za idara ya upimaji ardhi, ambayo makao yake yako Ruaraka, kando ya Thika Road hii hii. Katika ramani za kipimo cha 1:50,000, sentimita moja ni nusu kilomita, na ndani yake huonekana reli, mito, mashamba na njia zilizokuwepo wakati huo. Ramani hizo hupigwa picha, kisha hulinganishwa na hali ya leo kwa kutumia alama ambazo hazikuhama, kama vile daraja la reli au mahali mito miwili inapokutana.

Tabaka la pili ni picha za setilaiti za leo, zinazoonyesha nyumba, miti na nafasi zilizobaki. La tatu ni kimo cha ardhi, ili tujue mahali penye mteremko na mahali pa tambarare. La nne ni umilikaji: ploti za watu, ardhi ya umma, akiba za barabara na ukanda wa mito. La tano, ambalo ndilo la thamani zaidi, ni mistari inayochorwa na watu wanaotembea, pamoja na maneno ya wazee waliokaa hapa kabla yetu.

Tukiwa na tabaka hizo tano, mara moja tunaona mambo ambayo hatukuyaona tukiwa chini. Tunaona kwamba kijia cha zamani cha wachumaji kimekatwa na nyumba sehemu mbili tu, na kwamba kikipindishwa kidogo kinaweza kupita tena. Tunaona kwamba ukanda wa kando ya mito ya Kamiti na Ruiru unaweza kuwa njia yenye kivuli. Kanuni za maji za mwaka 2007 zilitenga ukanda wa baina ya mita 6 na 30 kila upande wa mto, usijengwe. Ukanda huo ukiachwa bure hugeuka jalala, au siku moja huota nyumba. Ukiwa na watu wanaoupita kila asubuhi, unapata walinzi wasiolipwa.

Kompyuta nayo hudanganya

Hata hivyo, ni lazima nitoe onyo. Katika nchi yetu tuna tabia ya kuamini kila kilichotoka kwenye mashine. Ramani inaweza kudanganya, na anayedanganywa ni mtu wa miguu.

Nitatoa mifano mitatu. Wa kwanza: ramani za zamani za Kenya zilipimwa kwa msingi uitwao Arc 1960, ilhali simu zetu zinatumia msingi mwingine, WGS 84. Ukizinakili namba za ramani ya zamani ukazitia katika simu bila kuzigeuza, utakosea kwa takriban mita 300. Mita 300 hapa Membley si jambo dogo. Ulitafuta kiwanda cha kahawa, ukajikuta katika ua wa mtu aliye na mbwa.

Mfano wa pili: vipimo vya kimo vinavyotumiwa sana na watu bure vilichukuliwa na chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari mwaka 2000. Kipimo kimoja hufunika mraba wa karibu mita 30. Basi shimo la mawe lililochimbwa baada ya hapo halionekani, na kama lilikuwa dogo lisingeonekana hata likiwepo. Sote tunajua jinsi sehemu hizi zilivyochimbwa mawe ya kujengea Nairobi. Kompyuta itakuonyesha mteremko wa taratibu. Ukifika unakuta genge lenye maji ambayo watoto huogelea. Kwa hiyo hakuna njia itakayotangazwa kabla haijatembelewa kwa miguu, wakati wa kiangazi na wakati wa mvua pia.

Mfano wa tatu ni mkubwa zaidi. Programu hizi zinaweza kutafuta njia iliyo nafuu kuliko zote baina ya mahali na mahali, lakini kwanza ni lazima uziambie nini ni ghali. Mteremko una gharama gani? Maji machafu je? Kichochoro kisicho na taa je? Namba hizo hazitoki mbinguni. Hutiwa na mtu aliyeketi mbele ya kompyuta. Akiwa kijana mwenye nguvu, atapima mteremko tu. Hatajua kwamba kuna kona ambayo wanawake hawaipiti baada ya saa kumi na mbili jioni. Hatajua kwamba mama mwenye magoti mabovu anaogopa ngazi kuliko mwendo. Kwa sababu hiyo nasema wanaotia namba hizo wawe wengi: wanawake, wazee, walemavu, na wauguzi wanaowajua wagonjwa wa mtaa.

Kipimo cha njia kiwe kipimo cha dawa

Njia nyingi za matembezi hupangwa na watu wanaopenda milima, nao hupanga kwa ajili ya watu wenye afya kama wao. Ninachotaka mimi ni njia inayopimwa kama dawa inavyopimwa.

Hebu tufanye hesabu. Mtu mwenye umri wangu anayetembea kwa wastani hupata kilomita 4 kwa saa. Nusu saa aliyoniambia daktari ni kilomita 2. Basi mzunguko wa kwanza wa Membley uwe wa kilomita 2, unaoanza na kuishia mahali pamoja, ili mgonjwa asitafute matatu ya kumrudisha. Akiuzunguka siku 5 kwa wiki, amekamilisha zile dakika 150. Mteremko wake usizidi mita 5 kwa kila mita 100. Uwe na viti vya kupumzikia, kivuli, maji na choo. Choo nakitia mkazo, kwa sababu baadhi ya dawa za presha humfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara, na mgonjwa asiyejua choo kiko wapi hatatoka nyumbani.

Mzunguko wa pili uwe wa kilomita 4 au 5, kwa watu waliokwisha kuzoea. Mpanda milima wa Scotland, William Naismith, aliacha kanuni mwaka 1892 ambayo bado inatumika: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 4 inayopanda mita 60 itachukua dakika 48, pamoja na dakika 6 za mwinuko, jumla dakika 54. Anayeanza aongezewe nusu ya muda huo, afike kwa saa moja na dakika 20 hivi. Namba hizo ziandikwe kwenye kibao mwanzoni mwa njia, kwa Kiswahili na Kikuyu, mtu ajue anachojitwika kabla hajaanza.

Na kwa nini historia? Kwa sababu dawa chungu hunywewa kwa asali. Mtu akiambiwa azunguke uwanja mara kumi kwa ajili ya moyo wake, ataacha wiki ya pili. Lakini akijua kwamba mita 400 mbele kuna kibao kinachoeleza kipande kilikuwa nini, na mita 400 nyingine kuna mti ambao chini yake wachumaji walipimiwa madebe, atakwenda, na Jumamosi atamchukua mjukuu wake amwonyeshe. Mzee atakayealikwa kusimulia naye atapata dawa yake, kwa maana upweke wa wazee wetu nyuma ya malango ya chuma ni ugonjwa usiopimwa na mashine yoyote.

Somo kutoka Karura

Wapo watakaosema hizi ni ndoto. Nawaomba waende hatua chache tu kuelekea Nairobi, watazame msitu wa Karura. Mwishoni mwa miaka ya 1990 msitu ule ulikuwa umekatwa vipande ugawiwe watu binafsi. Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti, na Januari 1999 walipigwa damu ikatoka. Miaka hiyo mtu mwenye akili timamu hakuingia Karura kutembea, aliogopa majambazi.

Leo ni mahali pengine kabisa. Sheria ya misitu ya mwaka 2005 iliwapa wananchi nafasi ya kushirikiana na serikali, na tangu 2009 chama cha marafiki wa msitu huo kimefanya kazi pamoja na Huduma ya Misitu. Ukaja uzio, wakaja walinzi, zikaja njia, na pamoja na njia ikaja ramani. Watu wa kila umri hutembea humo, hufika kwenye maporomoko na kwenye mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijificha.

Jambo lililonipendeza zaidi kule ni dogo: njia panda zina namba. Mtu akizimia au akivunjika mguu, mwenzake hana haja ya kueleza "karibu na mti mkubwa". Anataja namba, na msaada unajua pa kwenda. Ramani ikiwa karatasini na namba ikiwa mtini, maisha huokolewa. Hilo linaweza kufanywa Membley kwa vigingi na rangi.

Majibu kwa wanaopinga

Nimezungumza na majirani, na si wote waliokubaliana nami. Wengine wanahofia usalama. Wanasema njia za miguu huleta wezi. Ninaelewa hofu hiyo, lakini mwizi hupenda njia isiyo na watu. Njia yenye akina mama ishirini asubuhi na mapema haimfai. Hata hivyo, kambi za jeshi na gereza zisiguswe. Mistari yetu ikae mbali nazo, na habari za Kamiti ziandikwe kwenye kibao kilicho mahali pa wazi.

Wengine wanasema tuna shida kubwa zaidi: maji taka, barabara mbovu, shule zilizojaa. Ni kweli. Lakini ramani ile ile itakayoonyesha njia ndiyo itakayoonyesha mahali maji taka yanapomwagika. Na kitanda cha mtu aliyepooza kwa kiharusi kina gharama kuliko vigingi mia.

Hoja ya tatu ni nzito, nami ninaikubali. Si kila kitu kinafaa kuwekwa kwenye ramani. Kuna makaburi, kuna miti ambayo wazee hawataki ichezewe, kuna familia ambazo huzuni yao ya miaka ya Hali ya Hatari si maonyesho. Wazee waulizwe kwanza, na wakisema hapana, iwe hapana. Vivyo hivyo, vijana wanaorekodi matembezi yao kwa simu wakumbuke kwamba mstari wao huanzia kwenye lango la nyumba yao. Waukate mwanzo na mwisho kabla ya kuuonyesha ulimwengu.

Nani afanye nini

Kazi hii ina wenyewe. Chama cha wakazi kianze: kikusanye watu kumi, kitembee kila Jumamosi kwa miezi mitatu, kirekodi vijia vilivyobaki. Wanafunzi wa jiografia wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, walio majirani zetu, watusaidie kupanga zile tabaka. Kile kituo cha kanda cha ramani na rasilimali kilichoko Kasarani, kilichoanzishwa mwaka 1975 kuzihudumia nchi za Afrika mashariki na kusini, kiko safari fupi ya matatu kutoka hapa. Hakuna ubaya kubisha mlango na kuomba ushauri. Wauguzi wa zahanati waseme wagonjwa wao wanaweza nini.

Lakini neno la mwisho liko kwa Kaunti ya Kiambu. Mstari uliochorwa na raia ni ombi tu. Mstari ulioandikwa katika mpango wa mji ni haki. Anayeomba kibali cha kujenga ataonyeshwa kwamba hapa pana njia, aache nafasi. Bila hilo, tutapata ramani nzuri ya njia ambazo zimekwisha kuzibwa, tuiweke ukutani kama picha ya marehemu.

Na haraka ipo. Tangu niandikiwe kutembea, nimeona viwanja viwili nilivyokuwa nikivikatiza vikizungushiwa mawe. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi wa Membley tumejenga kuta nyingi mno. Sasa tunahitaji kuacha nyufa chache, za upana wa mita 2, watu wapite.

Mimi mwenyewe sikukata tamaa. Nimepata kijia kimoja nyuma ya mtaa, cha nusu kilomita hivi, ninakwenda na kurudi mara mbili kila asubuhi. Yule mama mchumaji ananiambia kwamba ni kipande cha njia ile ya kiwandani. Presha yangu imeteremka kidogo, daktari amefurahi. Lakini juzi, mwisho wa kijia hicho, nilikuta vigingi vipya vya mpima ardhi vimepigwa. Nimevirekodi mahali vilipo. Jumamosi ijayo nitavipeleka kwa chama cha wakazi, na ninamwomba kila jirani mwenye simu na viatu aje.